Maneno ya mwanangu yamekwenda wapi?

Swali: Daktari, sisi ni watu wa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 4. Alipokuwa na miezi 15 alikuwa akisema "mai" akitaka kunywa, "baba", "paka", na akimuona punda hupiga kelele kwa furaha akimuonesha kwa kidole. Nina video ya sikukuu ya Idi, mwanangu akimwita paka. Baada ya mwaka na nusu akaanza kunyamaza kidogo kidogo. Leo hana neno hata moja, nikimwita hageuki, na siku nzima azungusha kifuniko cha sufuria. Kliniki wametaja usonji (autism). Jirani asema ni ile sindano ya mwaka na nusu, mama mkwe asema ni jicho, na shemeji amesoma kwenye simu kuwa ubongo wa watoto hawa unakufa. Niambie kweli. Ubongo wa mwanangu unakufa? Na mimi nilikosea wapi?

Jibu: Dada yangu, nianze na la shemeji yako, maana nadhani ndilo linalokukesha. Usonji hauui ubongo. Hakuna kitu ndani ya kichwa cha mtoto mwenye usonji kinachooza au kuliwa siku baada ya siku. Yapo maradhi machache yanayofanana nao kwa juu juu ambayo huharibu kweli, na baadhi yake hutibika yakiwahiwa. Hayo nitayafikia, kwa sababu ndiyo yanayonifanya nikuombe uvuke uje hospitali. Lakini kwanza nikueleze ubongo wenyewe, kwa kuwa nimeona hapa Malindi kwamba mama akishaelewa kilichotokea huacha kujitafuna.

Fikiria vichochoro vya mji wenu. Mtoto akizaliwa, seli za ubongo wake hufunguliana njia kwa wingi wa ajabu, nyingi kuliko atakazozihitaji maishani, kana kwamba kila nyumba ya Mkomani imetoboa mlango wa kwenda kila nyumba ya Langoni. Kisha miaka inavyokwenda, njia zinazopitwa sana hupanuka na zisizopitwa huzibwa. Kuzibwa huko si hasara. Ndiko kunakomwezesha mtoto kuipata sauti ya mamake katikati ya mlio wa punda, redio ya jirani na mafundi wanaogonga mbao.

Kwa watoto wengi wenye usonji, kazi hiyo ya kufungua na kuziba huenda kwa mpango mwingine. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitoa matokeo ya kuchunguza ubongo wa watoto na vijana 26 waliokuwa na usonji na ambao walifariki kwa sababu nyingine, wakaulinganisha na wa wengine 22 wasiokuwa nao. Kwa wasiokuwa na usonji, viunganishi vya seli katika sehemu iliyopimwa vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu kufikia mwisho wa utoto. Kwa wenye usonji vilipungua kwa asilimia 16 tu. Njia zilikuwa nyingi mno, si chache. Mji wa namna hiyo haukubomoka, dada. Ni mji ambao kila sauti inaingia kila nyumba, na ujumbe wa kawaida kama jina la mtu unazungukazunguka kabla ya kufika mlangoni pa mwenyewe. Ndiyo maana mwanao anaweza kuusikia mfuniko ukilia sakafuni kwa undani ambao mimi na wewe hatuusikii, na asigeuke akiitwa jina.

Jambo la pili linalojulikana ni kasi ya kukua. Mwaka 2017 kundi jingine la Marekani lilichapisha picha za MRI, yaani picha za ndani ya ubongo, walizowapiga watoto wachanga wakiwa usingizini. Zaidi ya 100 kati yao walikuwa na kaka au dada mkubwa mwenye usonji. Wale ambao baadaye walionekana kuwa nao, gamba la juu la ubongo lilikuwa limetanuka upesi kati ya miezi 6 na 12, kisha ubongo mzima ukawapita wenzao kwa ukubwa katika mwaka wa pili. Na mwaka 2011 watafiti wa California walikuwa wameangalia hasa watoto kama wako, waliokuwa na maneno yakapotea. Wavulana wa aina hiyo, wakiwa na miaka 3, ubongo wao ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzao kwa karibu asilimia 6, na walipofuatilia vipimo vya zamani vya kichwa wakakuta vilianza kuachana na vya wenzao tangu miezi 4 hadi 6.

Isome tena hiyo miezi. Miezi 4 hadi 6. Mwanao alikuwa bado hajakaa vizuri, hana neno, hajafika popote karibu na ile sindano. Ulichokiona wewe baada ya mwaka na nusu kilikuwa kimeanza zamani, mahali ambapo jicho la mama halifiki.

Nyinyi mnajua bahari. Maji hayapwi kwa kishindo. Mtu huwa ameshughulika na nyavu zake, akiinua kichwa anakuta mashua imekaa matopeni, akasema maji yamekwenda sasa hivi. Kurudi nyuma kwa watoto hawa, mara nyingi, ni hivyo. Mwaka 2010 lilitoka chapisho la watafiti waliokuwa wakiwarekodi watoto wachanga kwa zamu, miezi 6, 12, 18 na kuendelea. Wakiwa na miezi 6, wale waliokuja kuwa na usonji walikuwa wakitazama uso wa mtu na kutabasamu kama wenzao. Baada ya hapo kutazama kulipungua, tabasamu likapungua, sauti zikapungua, polepole kiasi kwamba wazazi wengi walioulizwa hawakuwa wameona upungufu wowote. Neno likikatika ndipo nyumba nzima inashtuka, kwa kuwa neno husikika, na mtazamo unaofifia hausikiki. Kwa hiyo usiketi kuhesabu siku ukitafuta ile moja uliyokosea. Haipo.

Wala si wewe peke yako. Takriban mtoto 1 kati ya 3 wenye usonji hupoteza maneno au mazoea aliyokuwa nayo, na wastani wa umri wa kuanza kupoteza ni karibu miezi 20.

Hapo ndipo penye fumbo la sindano. Kenya tunachanja surua na rubela mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Miezi 18 na miezi 20 ni majirani. Jambo lolote tutakalowafanyia watoto wote wa pwani wakifika mwaka na nusu, iwe sindano, kuachishwa ziwa au kunyolewa nywele, litawatangulia baadhi yao waliokuwa njiani kunyamaza. Hofu yenyewe ilitokea Uingereza mwaka 1998, kwa makala ya Andrew Wakefield iliyohusu watoto 12 tu. Uchunguzi ukaonesha kazi ile haikuwa ya kweli, jarida la Lancet likaifuta mwaka 2010, na mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari. Denmark wakafuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa na wasiochanjwa walipata usonji sawa. Namuelewa jirani yako, anakupenda na anatafuta wa kumlaumu. Lakini nimekaa na mama aliyemficha mtoto wa pili asichanjwe kwa sababu ya maneno kama hayo, na surua ikamkuta. Surua ndiyo inayoweza kuharibu ubongo.

Na wewe hukukosea. Kuna wakati huko Marekani, miaka ya 1950 na 1960, madaktari walimwambia mama usoni kwamba ubaridi wake ndio uliomfungia mtoto. Walidhulumu maelfu ya wanawake na walikuwa wamekosea kabisa. Sehemu kubwa ya usonji hutokana na urithi wa mwili, kupitia vinasaba vingi vidogo vidogo vinavyokutana kutoka pande zote mbili za ukoo bila mtu kuvichagua. Kumpa simu aangalie katuni hakukumletea usonji. Ila simu inakula saa ambazo sasa tunazihitaji, kwa hiyo ipunguze.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usigombane naye. Mwaka 2015 lilitoka chapisho la watafiti walioketi na wazazi, walimu, matabibu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa Kilifi na Mombasa, wakawauliza usonji unatoka wapi. Mashetani, uchawi na laana vilitajwa na watu wa kila dini na kabila, sambamba na maradhi na matatizo ya kuzaliwa. Bibi huyu amelelewa na elimu hiyo, na kisomo anachomsomea mjukuu wake hakimdhuru. Mtoto akikaa kimya akisikiliza sauti ya bibi yake, hiyo ni faida. Ninachokataa ni kuchanjwa chale, kufukizwa moshi hadi apaliwe, kunyweshwa dawa isiyojulikana, na zaidi ya yote, kuambiwa "ngojeni siku 40 kwanza." Mpe bibi kazi. Nitaitaja hapo chini.

Sasa kwa nini nakutaka uvuke.

La kwanza ni masikio. Umesema hageuki akiitwa. Mama wengi huniambia hivyo, kisha wanaongeza "lakini nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio", na wanadhani hilo limemaliza mjadala. Halijamaliza. Mtoto anaweza kusikia mkwaruzo wa pakiti na asizisikie sauti fulani za maneno, hasa kama masikio yamekuwa yakitoka usaha au yana maji ndani. Tena mtu anaweza kuwa na usonji na uziwi pamoja. Apimwe usikivu na mtu mwenye mashine, si kwa kupiga makofi nyuma ya kisogo.

La pili ni kifafa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapopoteza watoto. Kifafa ni kingi miongoni mwa wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na si lazima kiwe cha kuanguka na kutoka povu. Kuna kile cha kukodoa macho sekunde chache na kurudi. Kuna kile kinachopiga usiku tu, ndani ya usingizi. Mwaka 1957 William Landau na Frank Kleffner walieleza habari za watoto waliokuwa wakisema vizuri kisha wakaacha kuelewa maneno, kana kwamba wamekuwa viziwi, kumbe umeme wa ubongo wao ulikuwa ukivurugika. Ugonjwa huo ni nadra na kwa kawaida huanza kati ya miaka 3 na 7, mkubwa kuliko wako. Ila nimemuona binti wa miaka 5 kutoka mashamba ya nyuma ya Malindi aliyeletwa kwangu kama mtoto wa usonji aliyechelewa kugundulika, naye alikuwa akipiga hadithi mpaka mwaka mmoja nyuma. Hilo la kupiga hadithi hadi miaka 4 ndilo lililonishtua. Kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo, akiwa amelala kikaonesha dhoruba. Alipewa dawa, na sehemu ya maneno ikarudi. Kama angepelekwa kupungwa mwaka mwingine, sijui.

Kwa hiyo nijibu haya ukija: Je, mwanao amewahi kupata degedege, na lilidumu dakika ngapi? Amewahi kulazwa kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo? Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliopona malaria ya kichwa, na wanajua vizuri kwamba baadhi hubaki na kifafa na shida ya kusema. Kama kunyamaza kwa mwanao kulianza wiki ile ile aliyotoka wodini, hiyo ni hadithi nyingine na matibabu yake mengine.

La tatu, kwa mama mwingine anayesoma hapa akiwa na binti: ukiona mtoto wa kike kati ya miezi 6 na 18 anaacha kutumia mikono aliyokuwa akiitumia, anaisugua pamoja kama anayenawa, na kichwa hakikui kama zamani, hiyo inaweza kuwa hali aliyoieleza Andreas Rett wa Austria mwaka 1966, ambayo kinasaba chake kilipatikana mwaka 1999. Kwa mvulana kama wako ni nadra sana. Lakini kwa mtoto yeyote, iwapo anapoteza hata kutembea au nguvu za mikono, anatapika asubuhi, anazidi kusinzia, au amepoteza usemi baada ya kutimiza miaka 3, usisubiri miadi. Njoo siku hiyo hiyo.

Picha ya MRI je? Wazazi huniomba, na wengine wamekwisha kuchangisha pesa harusini ili wailipie. Zile tafiti nilizokusimulia zililinganisha makundi ya watoto. Kwa mtoto mmoja, picha hiyo haisemi huyu ana usonji na huyu hana. Ikiwa hana kifafa, kichwa kinakua sawa na mwili hauna udhaifu wa upande mmoja, pesa hiyo iweke. Usonji unatambuliwa kwa kumtazama mtoto akicheza na kwa kukusikiliza wewe.

Usiwape pesa pia wale wa mitandaoni wanaouza dawa za "kusafisha sumu" ya usonji. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki akitiwa dawa ya kuondoa madini mwilini. Hakuna kidonge kinachorudisha maneno.

Kinachoyaleta ni watu, na usingoje karatasi ya daktari ndipo uanze. Chukua kifuniko cha pili cha sufuria. Keti sakafuni mkabala naye, si nyuma yake, si juu ya kiti, uso wako uwe usawa na wake. Akizungusha chake, nawe zungusha chako. Usimnyang'anye, usimwambie "sema". Nyamaza. Huenda siku ya kwanza asikuone kabisa. Siku moja atasita na kutupa jicho upande wako kuona nani huyu anayejua mchezo wake, hapo sema neno moja, "zungu!", uzungushe tena. Zamu yake, zamu yako. Hilo jicho lililotupwa ndilo mzizi wa neno, na ndilo lililokuwa likipwa tangu utotoni. Uingereza walijaribu njia ya kuwafundisha wazazi kumfuata mtoto namna hii kwa watoto 152 wa kati ya miaka 2 na 4, na miaka 6 hivi baadaye watoto wale walikuwa bado na mawasiliano bora kuliko wenzao ambao wazazi wao hawakufundishwa.

Bibi yake naye apewe nyimbo. Aimbe ule anaoupenda mtoto, afike kabla ya neno la mwisho, akate, angoje. Ahesabu moyoni hadi 10. Mtoto akitoa sauti yoyote, hata mguno, bibi amalizie kwa furaha. Wazee wana subira ya kungoja ambayo vijana hatuna. Zungumzeni naye Kiamu chenu. Mtu akikwambia umuachishe lugha ya nyumbani umfundishe Kiingereza ili asichanganyikiwe, usimsikilize, lugha mbili hazimdhuru mtoto mwenye usonji. Akikuvuta mkono hadi kwenye mtungi, usimimine kikombe kizima. Mimina kidogo, sema "mai", ngoja. Akionesha kwa kidole au kwa picha, mpe mara moja, kwa maana ishara na picha haziui usemi, zinaufungulia mlango. Na usimshike kidevu kumlazimisha akutazame machoni.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uzito wote. Mko kisiwani. Watoto wenye usonji wengi hutoka nyumbani bila kuaga na wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi. Weka komeo juu ya mlango ambapo hafiki. Funika kisima na birika. Waambie wenye maduka ya njiani hadi gatini, manahodha na vijana wa punda: mtoto huyu akipita peke yake mshikeni, akiitwa hatageuka. Langoni watu wanajuana, hiyo ni hazina ambayo mama wa Nairobi hana. Na akifika miaka 4 au 5 babake aanze kumfundisha kuelea.

Umeniuliza kama ubongo unakufa. Hukuthubutu kuuliza kama atasema. Marekani waliangalia watoto 535 wenye usonji ambao wakiwa na miaka 4 walikuwa bado hawana usemi wa sentensi. Kufikia miaka 8 au zaidi, asilimia 70 walikuwa wakiunganisha maneno, na asilimia 47 walikuwa wakisema kwa ufasaha. Asilimia 30 hawakufika huko, na sitakuficha hilo. Baadhi ya watoto ninaowajua hapa pwani ni vijana sasa, hawasemi, wanaeleza haja zao kwa picha na kwa simu, na wanasaidia dukani. Mwanao hajafika hata miaka 3. Wakati utakapofika, mpeleke pia kituo cha tathmini ya elimu, EARC, wamuangalie kwa ajili ya shule, na muandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa sababu kadi ile hufungua misaada ambayo bila kadi hutaiona.

Ukija, leta kitabu cha kliniki chenye vipimo vyake vyote, hata kama kimeraruka. Mrekodi akiwa amelala, usiku mbili tatu, hasa ukiona anashtuka au mdomo unachezacheza. Mrekodi akicheza na kifuniko. Na ile video ya Idi, usiifute simu ikijaa. Nataka nimuone alivyomtazama paka, na kama kabla ya kumwita alikugeukia wewe.